KUCHAGUA RUTA YA NYUMBANI: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa la karatasi, likafungiwa kabatini katika ofisi ya chama, na ufunguo ukakaa kwa katibu. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari imehamia katika kompyuta na simu. Taarifa za vyama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Malipo ya mkulima hupita benki, na barua za Chama Kikuu hufika kwa baruapepe. Ofisi ya chama ikikosa mtandao au umeme, katibu huichukua kazi na kwenda kuimalizia nyumbani baada ya chakula cha usiku. Kwa hiyo kile kisanduku kidogo kiitwacho ruta, ambacho hugawa mtandao ndani ya nyumba bila waya, si chombo cha burudani ya watoto peke yake. Ni chombo cha kazi, na mara nyingine ni mlango wa kuingilia katika mambo ya wanachama.

Pamoja na hayo, ruta nyingi hununuliwa kwa kutazama katoni. Mnunuzi huvutiwa na wingi wa antena au ukubwa wa namba iliyochapishwa, hutoa fedha, na akifika nyumbani huona mtandao ni uleule wa jana. Mara nyingi chombo hakina kasoro yoyote, ila kilinunuliwa bila kuulizwa kwanza shida ilikuwa nini. Makala haya yanaeleza mambo yanayopasa kupimwa, kila moja kwa mahali pake, ili fedha ya mwanachama, au ya chama, isipotee bure.

Ruta hufanya nini

Ruta ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea mtandao unaotoka nje, na ya pili ni kuugawa kwa simu na kompyuta zilizomo nyumbani. Ugawaji huo hufanywa kwa mawimbi ya redio ambayo watu wameyazoea kwa jina la waifai. Mfano wake ni tangi la maji lenye mabomba. Mabomba yakiwa mengi na mazuri kiasi gani, hayawezi kutoa maji zaidi ya yale yanayoingia katika tangi. Vivyo hivyo, ruta ya bei kubwa haiwezi kuongeza mtandao usiofika nyumbani. Anayesahau jambo hili hununua bomba jipya ilhali kisima ndicho kikavu.

Kwanza: mtandao unafikaje nyumbani?

Zipo njia mbili zilizo za kawaida. Mijini, na katika baadhi ya miji midogo, mtandao huletwa kwa waya wa mkongo, ambao watu huuita faiba. Mahali pengine, na hasa vijijini, huletwa kwa laini ya simu kutoka mnarani, kwa teknolojia ya 4G au 5G. Kila njia ina ruta yake. Ruta ya laini ina tundu la kutilia laini ya simu. Ruta ya waya haina tundu hilo, ila ina tundu la waya linalounganishwa na kifaa kilichowekwa na kampuni ya faiba. Mtu wa kijijini anayenunua ruta ya waya kwa sababu ni ya bei nafuu, atafika nyumbani akute hana mahali pa kutilia laini yake.

Kwa anayetegemea mnara, inapasa kuchagua kampuni ya simu kabla ya kuchagua ruta. Njia ya kupima ni rahisi na haina gharama kubwa. Achukue simu yenye uwezo wa 4G, atie laini ya kampuni moja, kisha ajaribu kufungua na kupakua kitu kilekile akiwa katika madirisha mbalimbali ya nyumba. Afanye hivyo asubuhi, adhuhuri na saa mbili usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Halafu arudie kwa laini ya kampuni nyingine. Baada ya siku mbili atajua ni kampuni gani inayofika vizuri, na ni dirisha lipi linalofaa. Jirani mwenye sifa nyingi kwa kampuni yake huenda anakaa upande mwingine wa kilima.

Lipo jambo hapa linalowachanganya wengi. Mara nyingi antena zinazoonekana zimesimama juu ya ruta ni za kugawa waifai ndani ya nyumba, wala hazisaidii kuvuta mawimbi ya mnara. Nyumba iliyo mbali na mnara inahitaji ruta yenye matundu ya kuunganishia antena ya nje, ile inayofungwa juu ya nguzo na kuelekezwa mnarani. Muuzaji aulizwe waziwazi: antena hizi ni za waifai, au ni za laini? Ikumbukwe pia kwamba bati huzuia na kurudisha mawimbi ya redio. Ruta ya laini iliyowekwa ndani kabisa ya nyumba yenye paa la bati na kuta nene hupata mawimbi hafifu kuliko iliyo karibu na dirisha linalotazama mnara.

Mambo mengine mawili yaulizwe dukani. Kwanza, je, ruta imefungwa kwa kampuni moja ya simu? Ruta inayouzwa na kampuni ya simu huweza kufungwa isikubali laini ya kampuni nyingine, na mnunuzi akihama hana budi kununua tena. Pili, je, ruta inapokea masafa yanayotumiwa na kampuni iliyochaguliwa? Mitandao ya 4G ya nchi mbalimbali haitumii masafa mamoja. Ruta iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo yaweza kuwa nzima kabisa na bado isisikie mnara wa hapa.

Pili: nyumba yenyewe

Waifai hutumia hasa masafa ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yana msongamano, kwa kuwa vifaa vingi hutumia njia hiyohiyo. Masafa ya 5 yana kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta wa tofali za saruji au zege lenye nondo. Ruta yenye masafa yote mawili ndiyo inayofaa kwa nyumba ya kawaida: kompyuta iliyo katika chumba kimoja na ruta itumie 5, na simu iliyo chumba cha mbali itumie 2.4.

Mahali pa kuweka ruta pana maana kuliko watu wanavyodhani. Iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Isifichwe ndani ya kabati, nyuma ya televisheni au kando ya jokofu. Kwa ruta ya laini, sharti hili hugongana na lile la kukaa karibu na dirisha la mnara. Ikiwa hivyo, dirisha lipewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa mtandao usioingia hauwezi kugawanywa. Nyumba ikiwa kubwa, ni bora kuvuta waya hadi kisanduku cha pili kuliko kutegemea kile kifaa cha bei nafuu kinachopokea mawimbi na kuyarusha upya. Kifaa cha namna hiyo kinachotumia redio moja kwa kupokea na kurusha hupunguza kasi kwa karibu nusu.

Katika nyumba za kupanga mijini, ambako kila chumba kina ruta yake, waifai ya 2.4 hugombana. Ruta nyingi huruhusu kuchagua njia, na katika masafa hayo njia 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Mara nyingi kubadili njia ni dawa inayotosha, na haina gharama yoyote.

Tatu: namba zilizo katika katoni

Waifai imekua kwa vizazi. Kizazi cha nne, kinachoandikwa Wi-Fi 4 au herufi n, kilipitishwa mwaka 2009. Cha tano, chenye alama ac, kilipitishwa mwaka 2013. Cha sita, chenye alama ax, kilikamilika mwaka 2021, ingawa vifaa vyake vilianza kuthibitishwa mwaka 2019. Mwaka 2024 vilianza kuthibitishwa vifaa vya kizazi cha saba. Kizazi kipya huelewana na vifaa vya zamani, lakini simu ya zamani haipati kasi mpya kwa sababu tu ruta ni mpya.

Namba kama AC1200 haimaanishi kwamba nyumba itapata megabiti 1,200 kwa sekunde. Ni jumla ya kasi ya masafa mawili, yaani 300 na 867, iliyokadiriwa kuwa 1,200, nayo hupatikana katika hali ya maabara tu. Hakuna kompyuta moja inayoyatumia masafa yote hayo kwa pamoja nyumbani. Isitoshe, mtandao unaoingia ukiwa wa megabiti 20 kwa sekunde, ruta ya 300 na ya 3,000 zote zitatoa 20 zilezile.

Yafaa pia kutofautisha biti na baiti. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, bali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 20 hupitisha megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la megabaiti 50 huchukua sekunde 20 au zaidi. Mwenye kuijua hesabu hii hatamlaumu muuzaji bure, wala hatadanganywa naye.

Kwa kazi za katibu na matumizi ya familia ya watu watano au sita, ruta ya Wi-Fi 5 yenye masafa mawili hutosha. Wi-Fi 6 ina faida pale vifaa vinapokuwa vingi kwa wakati mmoja, kwa sababu imeundwa kupanga foleni yao vizuri zaidi, na kama bei zinakaribiana, yafaa ichaguliwe. Anayeletewa faiba ya kasi zaidi ya megabiti 100 akague matundu ya waya, kwani zipo ruta ambazo matundu yake hayapitishi zaidi ya 100, hata kama katoni inataja maelfu.

Nne: umeme

Ruta inayozimika kila umeme unapokatika haiwezi kuitwa ya kutegemewa. Bahati njema ni kwamba ruta hula umeme kidogo. Adapta iliyoandikwa volti 12 na ampea 1 haitoi zaidi ya wati 12, na ruta yenyewe aghalabu hutumia chini ya hapo. Tuseme ruta inatumia wati 7. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Betri ya asidi haifai kumalizwa zaidi ya nusu, hivyo hubaki wati-saa 42, ambazo zitaendesha ruta hiyo kwa saa 6. Huo ni muda wa kutosha kumaliza taarifa ya mwezi.

Kwa sababu hiyo, anayetumia umeme wa jua achague ruta inayotumia volti 12, kwa kuwa ndiyo inayolingana na betri iliyo nyumbani. Hata hivyo, volti ya betri hupanda wakati wa kuchajiwa, basi ni salama ipite kwanza katika kifaa cha kusawazisha volti. Adapta ikiharibika, mpya iwe na volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, na ncha yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi. Adapta ya volti 12 ikitiwa katika ruta ya volti 5, ruta huungua, na dhamana huwa imekwisha siku hiyo.

Wakati wa masika, radi huleta hasara kubwa. Mvua ya ngurumo ikikaribia, waya wa umeme na waya wa antena ya nje ichomolewe mapema, kabla radi haijafika. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Tano: kufuli ya mlango

Jambo hili hupuuzwa kuliko yote, nalo ndilo linalomhusu zaidi mtunza kumbukumbu za wengine. Kila ruta hutoka kiwandani na neno la siri. Ruta nyingi za zamani zilitoka na maneno mepesi yaliyojulikana duniani kote. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea kwa kujaribu orodha ya maneno hayo ya kiwandani, ikateka mamia ya maelfu ya kamera, ruta na vifaa vinginevyo. Mwezi Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kushambulia kampuni moja ya Marekani, hata tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifunguki. Wenye vifaa walikuwa wamelala majumbani mwao, wala hawakujua lolote.

Kwa hiyo, siku ya kwanza ya kufunga ruta, yafanyike haya:

(a) Neno la siri la kuingilia katika mipangilio ya ruta libadilishwe. Hili si lile la waifai. Ni mawili tofauti, na yote mawili yabadilishwe.

(b) Ulinzi wa waifai uwekwe WPA2 au WPA3. WPA2 ilianza mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Ruta isiyo na lolote kati ya hayo isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Ulinzi wa kale wa WEP ulionekana kuwa na ufa tangu mwaka 2001.

(c) Neno la waifai liwe refu, mathalani maneno manne au matano yasiyohusiana. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havifai.

(d) WPS, ile njia ya kuunganisha kwa namba fupi, izimwe, kwa kuwa udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2011.

(e) Wageni na watoto wa jirani wapewe waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi zinayo. Kompyuta yenye kumbukumbu za chama ibaki katika mtandao wake.

(f) Programu ya ndani ya ruta isasishwe. Kabla ya kununua, iulizwe kama kiwanda bado kinatoa masasisho ya aina hiyo. Ruta iliyoachwa na kiwanda chake ni nyumba ambayo fundi wake hatarudi kuziba ufa.

Katibu anayeshika orodha ya wanachama, hisa zao, akiba zao na namba zao za simu ameshika amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Amana hiyo haikomi kwa sababu kazi imefanyiwa sebuleni.

Sita: ruta ni ya nani?

Pakiwa na ruta iliyolipiwa na chama na kukaa nyumbani kwa katibu, hapana budi mambo yawekwe wazi. Ununuzi uwe katika makisio yaliyopitishwa, uamuzi uandikwe katika muhtasari wa Bodi, na chombo kiingizwe katika daftari la mali kwa namba yake. Gharama ya bando ikadiriwe, na ijulikane ni sehemu gani ya chama na ni ipi ya familia, ili katibu asije akaonekana mwizi kwa kazi aliyoifanya usiku kwa wema.

Laini isajiliwe kwa jina la chama. Usajili wa laini nchini hufuata alama za vidole za mtu. Laini ikisajiliwa kwa jina la katibu ni yake, na siku akiondoka huondoka nayo, pamoja na ujumbe wa siri unaotumwa na mifumo kwa namba hiyo. Chama kinaweza kujikuta nje ya mlango wake chenyewe. Katibu akibadilishwa, makabidhiano yahusishe ruta, laini na adapta, na maneno yote ya siri yabadilishwe siku hiyohiyo mbele ya mjumbe wa Bodi.

Saba: siku ya kununua

Mnunuzi adai risiti halali na dhamana ya maandishi. Ruta ya laini ina namba ya IMEI kama simu. Namba iliyo chini ya chombo ilinganishwe na iliyo katika katoni. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zenye namba bandia, na waliozinunua kwa bei ya chini wakabaki na vyombo visivyopiga. Rahisi huwa ghali. Ruta iwashwe dukani, itiwe laini ya mnunuzi mwenyewe, na ionekane ikifanya kazi kabla fedha haijatoka mkononi.

Kosa si la ruta kila mara

Mtandao ukisumbua, uchunguzi ufanywe kwa mpangilio. Kwanza asogee karibu na ruta. Ukiwa mzuri pale na mbaya chumbani, shida ni kuta au mahali ilipowekwa. Ukiwa mbaya hata pale, laini itolewe itiwe katika simu. Simu ikifanya vizuri mahali palepale, ruta ndiyo ya kushukiwa. Simu nayo ikishindwa, shida iko nje ya nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na mtandao ukazorota Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hakuna ruta ya bei yoyote ambayo ingesaidia. Kwa ajili hiyo taarifa ya chama isingojwe hadi saa ya mwisho ya tarehe ya mwisho, na nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe katika chombo kisichotegemea mtandao.

Kwa kifupi, kabla ya kutoa fedha mnunuzi ajiulize: mtandao unafika kwa njia gani, na kwa nguvu gani? Nyumba ina kuta za namna gani? Umeme ukikatika itakuwaje? Kufuli yake ni imara? Na ni mali ya nani? Mwenye majibu matano atanunua ruta inayomfaa, na huenda ikawa ya bei ndogo kuliko aliyoiwazia. Makatibu wanaombwa kuyasoma maswali haya katika mkutano wa Bodi unaofuata, na kukagua ruta zinazotumika sasa kwa kazi za chama. Neno la siri lililo bado la kiwandani libadilishwe kabla ya jua kuchwa.